Maswali ya Mafundi: Cherehani kongwe za ngozi

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinauliza juu ya chuma cha aina moja: cherehani za zamani za kushonea ngozi, hasa Singer. Tumezipanga kama zilivyofika. Iliyohitaji maelezo marefu tumeijibu kwa urefu, na iliyotosha kwa mistari michache tumeijibu kwa michache.

Mshono umekuwa mfupi na unaruka

*Shikamooni mafundi. Nina Singer 29K, ile ya viatu yenye mguu unaozunguka pande zote. Siku hizi hata nikifungua kirekebisho cha mshono mpaka mwisho, mshono unabaki mfupi. Nikishona kuja kwangu unakuwa mfupi zaidi kuliko nikishona kwenda kushoto. Ngozi ikiwa ya mikunjo mitatu, inaruka kabisa. Nimeambiwa kichwa kimekufa, ninunue kingine. Ni kweli?*
*Fundi viatu, Majengo, Moshi*

Marahaba. Kichwa hakijafa, usikiuze kwa bei ya chuma chakavu. Una matatizo mawili tofauti, na ukiyatibu kama moja utafungua skrubu nyingi bila faida.

Tuanze na ufupi wa mshono. Cherehani hii haina meno chini ya ngozi kama cherehani ya nguo. Mguu wenyewe ndio unaovuta: unashika ngozi kwa juu, unaisogeza, unainuka, unarudi kushika tena. Mwendo huo unatoka kwenye kamu (chuma kinachozunguka na kusukuma wenzo) iliyo juu ya shafti kuu, unapita kwenye wenzo uliopinda, unashuka kwenye pete inayozunguka chuma cha sindano, ndipo unafika mguuni. Kila kiungo katika njia hiyo kikilika kidogo, kinakula sehemu ya mshono. Cherehani nzima hutoa mshono wa karibu milimita 5. Viungo vikiwa na mchezo, yaani kulegea, wa jumla ya milimita 2, utashona milimita 3 tu, hata ukifungua kirekebisho mpaka kigome.

Pima hivi. Shusha mguu bila ngozi, uache presha iwe ndogo. Mtu mmoja akamate gurudumu lisisogee kabisa. Wewe sukuma mguu kwa kidole mbele na nyuma, rula ikiwa kando. Urefu unaocheza bure ndio urefu unaopotea katika kila mshono. Kisha zungusha mguu robo ya duara, upime tena, mpaka umalize pande zote nne. Kwa maelezo yako, tunatarajia upande wa kuja kwako ucheze zaidi. Hiyo ni dalili kwamba pete imelika upande mmoja, kwa sababu mafundi wengi hushona kuelekea upande uleule miaka nenda rudi.

Sasa tafuta mchezo unatoka wapi kabla hujabadilisha kitu. Shika kila kiungo kwa vidole huku mwenzako akitikisa gurudumu taratibu, utausikia mkononi. Mara nyingi utaukuta sehemu tatu: kwenye skrubu yenye bega ambayo wenzo unazungukia, kwenye ncha ya wenzo inayogusa kamu, na kwenye pete. Skrubu ya bega iliyolika ni rahisi, inabadilishwa, na vipuri vya kuiga vya 29K bado vinatengenezwa. Tundu lililopanuka halitibiwi kwa skrubu mpya peke yake. Lichongwe liwe duara kamili, litiwe bushi, yaani kibomba cha kuzungukia pini, ya shaba nyeusi. Mafundi wa kukereza chuma wa Unga Limited kule Arusha, na wenzao wa hapo Moshi, wanaiweza kazi hiyo. Ila mpelekee kipande chenyewe pamoja na pini yake, usimpe kipimo cha mdomo. Mwambie nafasi kati ya pini na bushi iwe milimita 0.03 hadi 0.05. Ikibana zaidi ya hapo itakwama mafuta yakikauka, na ikilegea zaidi umelipa bure.

Ncha ya wenzo iliyolika kwenye kamu huongezwa nyama kwa kuchomelea shaba ya gesi, kisha inapigwa tupa polepole huku ukijaribu mpaka iingie bila mchezo. Usikubali mtu aichomelee kamu kwa umeme. Joto lile hulainisha chuma kilichokomazwa kiwandani na huweza kuipinda shafti. Baada ya hapo hakuna dawa.

Angalia pia meno yaliyo chini ya mguu. Yakiwa yamelainika, mguu unateleza juu ya ngozi na mshono unafupika ingawa viungo ni vizima. Tupa ndogo ya pembe tatu, mikwaruzo miwili mitatu kwa kila jino, inatosha. Ukiyanoa mno yataacha alama kwenye ngozi laini ya juu ya kiatu.

Kuruka kwa mshono ni jambo la pili, na uchunguzi uanze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, yaani sindano. 29K nyingi hutumia sindano za mfumo wa 29x3, zenye ncha ya kukata ngozi, au 29x4 zenye ncha ya duara kwa nguo. Mafundi wengi huchomeka sindano yoyote ambayo shina lake linaingia. Sindano ikiwa fupi au ndefu kwa milimita 2, ncha ya shato (chombo cha chini kinachobeba bobini na kukamata uzi wa sindano) inapita mahali ambapo kitanzi cha uzi hakipo, na hutapata mshono hata ukirekebisha kitu gani. Mfereji mrefu wa sindano ukae upande unaoingizia uzi. Ile sehemu iliyochongwa kidogo juu ya tundu ielekee kwenye shato.

Sindano ikiwa sahihi na bado inaruka kwenye mikunjo mitatu, tazama ngozi wakati sindano inapanda. Je, ngozi nayo inapanda? Kama inapanda, kitanzi hakifunguki chini, shato haina cha kuchukua. Kaza skrubu iliyo juu ya ile springi bapa ndefu, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka ngozi itulie. Mikunjo mitatu ambayo imepakwa gundi na haijakauka ni mibaya zaidi, kwa kuwa gundi inaishika sindano. Acha ikauke kabisa.

La mwisho ni gia za shato. Ndani ya mkono mrefu kuna chuma chenye meno kinachokwenda mbele na nyuma, kinazungusha gia ndogo iliyo chini ya shato. Gurudumu likiwa limekamatwa, tikisa shato kwa ncha ya kidole. Mchezo kidogo hauepukiki. Ukizidi milimita 1 kwenye ncha, shato inachelewa kufika, na inachelewa zaidi pale uzi unapovutwa kwa nguvu, ndiyo maana kwenye ngozi nyembamba huoni tatizo. Badilisha chuma chenye meno pamoja na gia yake kwa pamoja. Gia mpya kwenye meno ya zamani italika upesi. Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye jino moja na mahali linapokaa, maana ukirudisha ukiwa umekosea jino moja taimingi yote, yaani kupishana kwa sindano na shato, imehama.

Neno moja juu ya kazi unayoipa. Cherehani hii ilitengenezwa kwa viraka na marekebisho. Bobini yake ni ndogo, na inafurahia uzi wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi), yaani tiketi namba 40. Ukiitumia kushona mikanda minene kutwa nzima kwa uzi wa Tex 135, utavila viungo vyote ulivyovitengeneza.

Imeshika kutu, gurudumu halizunguki

*Habari za kazi. Nimepata Singer 45K iliyokaa stoo miaka mingi, imelowa masika kadhaa. Gurudumu halisogei hata kidogo. Naomba utaratibu wa kuifungua bila kuivunja.*
*Ngarenaro, Arusha*

Utaratibu wenyewe ni subira, na kosa linaloziua cherehani nyingi ni kulivuta gurudumu kwa bomba au kwa mkanda wa mota. Chuma cha kumimina hakipindi, kinavunjika.

Piga picha za kila upande kwanza. Ondoa sindano, mguu, bamba la sindano, bobini na shato kama inatoka. Pekua chini ya shato kwa koleo nyembamba: mara nyingi kinachoshika ni uzi wa zamani uliojiviringisha na kugeuka kama gundi, kutu haihusiki. Kisha tia mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapoingia kwenye chuma. Ukiwa na mafuta ya gia otomatiki ya magari, changanya nusu kwa nusu na mafuta ya taa, huingia vizuri zaidi. Acha saa 24. Rudia. Usitumie petroli, mvuke wake ndani ya chumba unatafuta cheche tu.

Siku ya pili pasha moto mahali panapobana kwa mashine ya kukaushia nywele, joto la kuungua mkono tu, huku ukitikisa gurudumu kwa mikono kwenda na kurudi. Milimita moja leo ni ushindi. Isipotikisika kabisa, gawanya tatizo: legeza chuma cha sindano kutoka kwenye kiungo chake, ujaribu gurudumu. Likizunguka, kumbe kilichoshika ni chuma cha sindano. Lisipozunguka, tenganisha upande wa chini wa shato ujaribu tena. Kwa njia hiyo utajua pa kuweka nguvu zako.

Skrubu zilizoshika zinataka bisibisi iliyojaza mfereji wa skrubu wote, upana na unene. Inoe bisibisi yako kwa jiwe ikae sawasawa. Gonga kichwa cha bisibisi kwa nyundo ndogo mara tano sita kabla ya kugeuza, mtikisiko huvunja kutu. Ikikatika, usitoboe na kuingiza boliti ya milimita. Singer walitumia nyuzi za skrubu za vipimo vyao wenyewe, na boliti ya M5 au M6 iliyolazimishwa huharibu tundu kwa kudumu. Tafuta skrubu kwenye kichwa kibovu cha Singer kwa fundi vipuri.

Vipande vya chuma vilivyofunguliwa vyote unaweza kuvisafisha kwa umeme. Ndoo ya plastiki, maji, na magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Chaja ya betri ya volti 12: waya wa hasi kwenye kipande, waya wa chanya kwenye nondo ya kawaida iliyozamishwa isigusane na kipande. Saa tatu hadi usiku mmoja, kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Magadi ya sokoni, yale ya Ziwa Natron, nayo yanafanya kazi, lakini yana chumvi ndani yake, kwa hiyo suuza kwa maji ya moto mara mbili, kausha na upake mafuta saa hiyohiyo.

Mambo manne ya hatari hapo. Usitumie chuma cha pua mahali pa nondo, kwa kuwa hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanya kazi hiyo nje, maana gesi inayotoka inawaka. Usitie springi: hewa ya haidrojeni inaingia kwenye chuma chake kigumu na baadaye inakatika ghafla. Na usitie kitu chenye rangi, hasa mwili wenye maandishi ya dhahabu. Mwili usugue kwa pamba na mafuta ya cherehani tu. Spiriti usiisogeze kabisa, inayeyusha vanishi iliyofunika maandishi.

Njia ambamo shato inateleza isafishwe kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia chuma. Msasa hapo haukubaliki, wala kwenye ncha ya shato. Mkwaruzo mmoja unatosha kukata uzi kila mshono wa kumi, na utautafuta mwezi mzima.

Kabla hujaanza kutumia fedha nyingi, hakikisha unapata sindano za mfumo wa 328, ambazo ndizo 45K nyingi hutumia. Si kila duka linaziweka. Ukizipata nunua pakiti kadhaa za namba unazotumia, kwa maana cherehani nzima isiyo na sindano ni pambo.

Mota ya Marekani na ndoana isiyozunguka

*Mimi nashona mabegi na viti vya magari ya utalii. Nimenunua Singer 111W155 iliyokuja kwenye kontena kutoka Marekani. Mota yake imeandikwa volti 115. Mafundi umeme wawili wamenipa majibu mawili. Pia ukizungusha gurudumu, juu panafanya kazi lakini ndoana ya chini haizunguki. Nisaidieni.*
*Sakina, Arusha*

Umepata cherehani nzuri sana kwa kazi hiyo. Miguu yake miwili inatembea kwa zamu, sindano inasogea pamoja na ngozi, na meno ya chini yanasaidia, kwa hiyo tabaka la juu na la chini zinafika mwisho pamoja. Herufi W inaonyesha ilitoka kiwanda cha Bridgeport, Connecticut.

Ndoana kwanza, yaani kile chuma cha chini kinachozunguka na kukamata uzi wa sindano, kwa kuwa huenda hakuna kilichovunjika. Cherehani hii ina klachi ya usalama. Uzi ukinasa, klachi inaachia ili ndoana isivunjike, na juu panaendelea kuzunguka peke yake. Toa bamba la sindano, ondoa kila uzi ulionasa kuzunguka ndoana, hata kama unahitaji kioo na kibano. Kisha bonyeza kile kipini cha kufungia klachi, ushikilie, na zungusha gurudumu kwa mkono polepole mpaka usikie mlio na ndoana ianze kufuata. Ikiachia tena bila uzi kunasa, hapo ndipo uchunguze klachi yenyewe na mkanda wa ndani unaounganisha shafti ya juu na ya chini.

Klachi ikirudi, hakiki taimingi kabla ya kushona. Shusha sindano mpaka chini kabisa, kisha iache ipande milimita 2.4. Hapo ncha ya ndoana iwe katikati ya sindano, milimita 1.6 juu ya tundu, na kati yake na sindano papite karatasi nyembamba tu. Sindano zake ni 135x16 za ngozi na 135x17 za turubai na kitambaa. Usimfikirie aliyekuuzia amekosea kukupa cherehani isiyorudi nyuma: 111W155 haikuwekewa rivasi. Mwisho wa mshono igeuze kazi, au vuta nyuzi chini ufunge.

Sasa mota. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua papo hapo. Transfoma ya kushusha inawezekana, ila iwe kubwa, angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mota, kwa sababu wakati wa kuanza mota ya klachi inavuta umeme mwingi. Hata hivyo tatizo linabaki: kule umeme ni wa Hezi 60, hapa ni wa Hezi 50. Mota ya mizunguko 1725 itashuka hadi karibu 1425 na itapata joto zaidi. Ushauri wetu ni kuiacha hiyo mota na kufunga mota ya servo ya volti 220 hadi 240, wati 550. Utakuwa na mwendo unaoupanga mwenyewe, haivumi ukiwa hushoni, na bili ya umeme inapungua.

Servo peke yake bado inaweza kuwa na haraka kwa ngozi nene. Tazama puli. Puli ya mota ikiwa milimita 45 na ya cherehani milimita 90, mwendo unagawanyika kwa mbili na nguvu inazidishwa kwa mbili. Mota ikizunguka 500 kwa dakika, cherehani inapiga mishono 250, kama minne kwa sekunde, na unaweza kuihesabu kona bila kupita. Ukibadilisha puli, pima upya urefu wa mkanda kwa kamba kabla ya kwenda dukani.

Uzi wa viti vya magari ya utalii uwe wa poliesta. Nailoni ni imara, lakini jua huidhoofisha mapema, na magari hayo hushinda na paa wazi. Usizidishe Tex 135 kwenye cherehani hii.

Mikanda ya ndala inachanika kwenye mshono

*Natengeneza ndala za ngozi zenye shanga. Mkanda wa juu unachanika kwenye mstari wa mshono kama stempu ya posta. Nimeongeza mishono ili iwe imara lakini inazidi kuchanika.*
*Mto wa Mbu*

Mishono uliyoiongeza ndiyo inayochana. Ngozi haifanani na kitambaa. Sindano ikitoboa kitambaa, nyuzi zinasogea kando na kurudi. Ngozi ikikatwa haijirudishi. Tundu zikikaribiana, unakuwa umechora mstari wa kuchania. Kwa mkanda wa ndala tumia mshono wa milimita 3.5 hadi 4.5, uwe umbali wa milimita 3 kutoka ukingoni.

Halafu tazama herufi kwenye pakiti ya sindano. Ncha S hukata sambamba na mstari wa mshono. Ukishona mishono mifupi, mikato inaungana, na hicho ndicho tunachokishuku kwako. Ncha P hukata kukingama mstari, kwa hiyo inaruhusu mishono mifupi. Ncha LR hukata kwa mshazari, uzi unalala kwa mwinuko mzuri na nguvu inabaki, na kwa ndala za kuonekana ndiyo tunayoipendelea. Ncha ya pembe tatu ni ya ngozi nene, kavu na ngumu. Ncha R ya duara ni ya nguo: kwenye ngozi inasukuma badala ya kukata, inapata moto, na uzi unakatika.

Unene wa sindano ufuate uzi. Tex 70 kwa sindano namba 100 hadi 110, Tex 90 kwa 110 hadi 120, Tex 135 kwa 140, Tex 210 kwa 160 hadi 180. Kipimo cha haraka: pitisha uzi kwenye sindano, shika uzi ukiwa umenyooka kwa mshazari, urefu wa sentimita 30. Sindano iteleze yenyewe mpaka chini. Ikikwama ni nyembamba. Ikishuka kama jiwe ni nene, na itaacha tundu kubwa kuliko uzi unavyoweza kuziba.

Mafuta gani?

*Naweza kutumia mafuta ya alizeti au oili ya injini iliyotumika? Wengi hapa wanafanya hivyo.*
*Himo*

Hapana, yote mawili. Mafuta ya kula hukauka yakawa ganda kama vanishi, na cherehani inayosemekana imeshika mara nyingi imeshikwa na ganda hilo. Oili iliyotumika ina masizi, tindikali na unga wa chuma ndani yake, ni kama kutia msasa wa maji. Dawa za kupulizia za kulegeza kutu nazo si mafuta ya kulainisha: legeza nazo, kisha tia mafuta halisi. Nunua mafuta meupe ya cherehani, ya kiwango cha VG (kipimo cha uzito wa mafuta) 22 au 32. Tone moja au mawili kwa kila tundu asubuhi kabla ya kazi, na tone moja kwenye njia ya shato asubuhi na mchana. Wakati wa vumbi la kiangazi futa kwanza, ndipo utie, la sivyo unaliingiza vumbi ndani pamoja na mafuta. Shona kipande cha ngozi chakavu mpaka madoa yaishe.

Nataka kununua ya mtumba, niangalie nini?

*Nimeona cherehani tatu za viatu zinauzwa Kiboriloni. Muuzaji mmoja anasema yake ni ya mwaka 1851, imeandikwa kwenye beji. Nina fedha ya moja tu. Nichague vipi?*
*Kijana fundi, Pasua, Moshi*

Beji yenye miaka 1851 na 1951 iliwekwa kuadhimisha miaka 100 ya kampuni ya Singer, iliyoanza mwaka 1851. Haionyeshi mwaka wa cherehani, na wala umri si sababu ya kuongeza bei. Herufi K, kama kwenye 29K, maana yake ilitoka kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, ambacho kilianza mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Basi hata iliyo changa kabisa kati yao imepita miaka 40. Angalia ilivyolika, si ilivyoandikwa.

Nenda na vitu vitano: tochi, rula, sindano mpya ya 29x3, uzi wa Tex 70, na vipande vya ngozi vya milimita 2. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima mara kumi. Uzito ulio sawa mzunguko wote ni mafuta yaliyoganda, hilo linatibika. Uzito unaokuja mahali pamoja kila mara ni shafti iliyopinda au gia iliyovunjika jino. Fanya kipimo cha mchezo wa mguu tulichomweleza fundi wa Majengo hapo juu, kisha kile cha shato. Mulika tochi kwenye mwili, hasa pale mkono mrefu unapoungana na kichwa, na kwenye mabega ya skrubu kubwa. Ufa uliopakwa rangi mpya utauona kama mstari unaopitiliza rangi. Ukiukuta, ondoka, hata bei ikishuka.

Uliza kama bobini na shato ni za cherehani hiyo. Kuna 29K za bobini ndogo na za bobini kubwa, na hazibadilishani. Kuna pia za kuigiza kutoka viwanda vingine, ambazo vipuri vyake vinafanana kwa macho lakini haviingii. Angalia kama ule waya mrefu wa kupitishia uzi upo, kwa sababu uzi wa 29K hushuka ndani ya chuma cha sindano chenyewe, na bila waya utahangaika. Ukikosekana, waya mwembamba wa breki ya baiskeli uliochanuliwa, unyuzi mmoja tu, ukikunjwa ncha unafanya kazi.

Mwisho ishone mbele ya muuzaji, vipande viwili vya ngozi pamoja, mistari minne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Shika ncha za uzi kwa mishono mitatu ya kwanza usifanye kiota chini. Kiota kikitokea hata hivyo, usiguse bobini: uzi wa juu haujaingia katikati ya sahani za tensheni, zile zinazoubana uzi, uingize upya mguu ukiwa umeinuliwa. Pima mishono kumi ya kila mstari kwa rula. Kati ya zile tatu, chukua ambayo mistari yake minne inakaribiana zaidi kwa urefu, hata kama rangi yake imebabuka kuliko zote. Na kama muuzaji anakukatalia kushona, nenda kwa anayefuata.